Mkuku Hauna Spea

Ahmad ibn Majid alitoka Julfar, pwani ambayo leo ni Ras al-Khaimah, na katika karne ya 15 aliandika vitabu vya ubaharia ambavyo bado vinasomwa. Wengi humtaja kwa elimu yake ya nyota na pepo. Mimi humkumbuka kwa nasaha moja ndogo aliyowapa manahodha: mtu akikague chombo chake kingali nchi kavu, azijue kasoro zake. Nasaha hiyo hunijia kila nikienda Al Jaddaf, kando ya Hori ya Dubai, mahali ambapo kwa miaka mingi mafundi wamejenga na kukarabati vyombo vya mbao. Chombo kikiwa majini huonyesha rangi na urembo wa tezi. Kikiwa juu ya magadi, ile miti ya kukiegemeza nchi kavu, huonyesha mkuku, mti wa chini unaobeba chombo chote.

Mkuku wa bumu la Ghuba ni mrefu na umenyooka, unaunganisha hanamu ya omo na fashini ya tezi kwa mstari mmoja. Chombo cha namna hiyo hushika njia. Mwenye usukani hapambani nacho, upepo wa ubavuni haukipeleki ovyo, na kikipwelewa mchangani uzito wake hutawanyika mkuku mzima, hauelemei mahali pamoja. Gharama yake ni uzito wa kugeuka. Ndiyo maana mabaharia wa tanga la pembetatu hawakupenda kukipitisha chombo kwa omo kwenye upepo. Walikizungusha tezi ndiyo ipite, na foromali nzima, mti unaobeba tanga, ikahamishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Hiyo ni kazi ya watu wengi wanaovuta kwa pamoja, na nahodha anayejua kungoja.

Sasa fikiria chombo hicho kimeshazeeka. Mlingoti ukioza utabadilishwa. Mbao za ubavuni zitabadilishwa, mataruma, yaani mbavu za ndani, vilevile, sitaha nayo. Baada ya miaka mingi huenda juu ya maji pasibaki ubao wa asili hata mmoja. Mkuku ndio haubadilishwi kirahisi, kwa kuwa kila kitu kimeshikamana nao. Kuung'oa ni karibu sawa na kukivunja chombo chote. Kwa hiyo fundi mzuri huanza hapo. Hufunga uzi toka mwisho mmoja hadi wa pili, akaukaza, akainama kutazama kama katikati pamepanda na ncha zimeshuka. Chombo kilichoachwa nchi kavu juu ya magadi machache, au magadi yaliyopangwa kwa haraka, hupinda taratibu kwa uzito wake chenyewe, na mkuku ukishapinda ni vigumu mno kuurudisha sawasawa. Nimeona wenye vyombo wakibishana kwa saa nzima juu ya bei ya rangi, halafu wakamwachia kibarua kazi ya kupanga magadi. Mimi ningefanya kinyume chake.

Kuna sababu nyingine ya fundi kwenda polepole. Kwa desturi ya Ghuba, mbao za ubavu hutangulia kupangwa juu ya mkuku, na mataruma huchongwa baadaye kufuata umbo lililokwisha kupatikana. Michoro haikuwa kawaida yao. Umbo limo katika jicho la fundi na katika mbao zenyewe. Ukizing'oa mbao nyingi kwa mpigo, umelipoteza umbo, na hakuna karatasi ya kurudia. Hivyo hutolewa chache, zikapachikwa mpya, ndipo zifuate nyingine. Msumari haupigwi hivihivi: tundu hutobolewa kwanza, zamani kwa keekee, na chini ya kichwa cha msumari huzungushwa nyuzi zilizolowa mafuta ili maji yasipate pa kupitia.

Lakini kazi ninayoweza kuitazama kutwa ni kalafati. Fundi hukaa kitako chini ya tumbo la chombo. Huitoa pamba kuukuu iliyoshikana na chumvi, hukwangua mshono mpaka mti safi uonekane, kisha hulaza pamba mpya iliyosokotwa utambi na kuloweshwa mafuta. Huishindilia kwa chembeu na nyundo. Mapigo ya kwanza ni mepesi, ya kuishikiza tu. Akifika mwisho wa mshono hurudi tena, safari hii kwa uzito. Masikio yake yanafanya kazi kuliko macho. Kadiri pamba inavyoshiba, mlio wa nyundo hubadilika, unakuwa mkavu na mfupi, naye hapo huacha. Haongezi hata pigo moja.

Ustadi wenyewe uko katika kuacha huko. Jua la Dubai hukausha mbao hadi mishono ikaachana, na asiyejua atatamani kuijaza pamba mpaka isikubali tena. Kumbe ubao ukirudi majini utakunywa na kuvimba. Pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi haina pa kwenda. Itasukuma mbao, misumari italegea, na pengine ubao utaachana na taruma lake. Fundi huuachia mti nafasi ya kuvimba. Chombo kikishushwa, mwanzoni huvuja, na mwenyewe hana budi kufua maji ngamani na kuvumilia mpaka mbao zibanane. Anayeona mchirizi wa kwanza akapiga kelele kwamba ameibiwa hajakijua chombo chake.

Zamani, kazi ikiisha, sehemu ya juu ilipakwa sifa, ile ya mafuta ya papa, ambayo harufu yake ilifika kabla ya jahazi lenyewe. Chini ya maji ilipakwa deheni ya shahamu na chokaa, kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Deheni ilidumu miezi michache tu. Rangi ya kopo hudumu zaidi, na simlaumu anayeichagua. Ila deheni ilipakwa kwa mkono, na kiganja kilichopita juu ya kila ubao kiligundua mengi: ufa mwembamba, kichwa cha msumari kilichoinuka, mahali palipolainika kwa kuoza.

Watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki waliishi na elimu hii. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakangoja kusi, na katika kungoja huko yalilazwa ufukoni, yakakwanguliwa na kupakwa deheni upya. Mwaka 1939 Alan Villiers, mwandishi na baharia kutoka Australia, alifika na bumu la Kuwait la nahodha Ali al-Najdi hadi delta ya Rufiji kupakia boriti. Boriti za mikoko kama hizo ndizo zilizobeba dari za nyumba za kale hapa Dubai, na urefu wa mti ndio uliopanga upana wa chumba. Mbao za vyombo, kwa upande wake, zilikuwa za msaji kutoka India, na mataruma yalitafutwa kwenye miti iliyojipinda yenyewe, ukiwemo mkunazi.

Tanga halijatoweka Dubai. Tangu 1991 kuna mashindano ya Al Gaffal, ambapo vyombo vya futi 60 hutoka kisiwa cha Sir Bu Nair kuja Dubai kwa tanga, kukumbuka wazamiaji wa lulu waliokuwa wakirejea nyumbani msimu ukiisha. Nafurahi kuyaona matanga yale. Lakini chombo hakiishi kwa siku ya mashindano.

Kinaishi kwa mambo kama sitaha. Kiangazi mbao za sitaha hupasuka zisipolowa, kwa hiyo humwagiwa maji asubuhi na jioni, tena maji ya bahari, kwani ya bomba yakituama huozesha mti, na ya chumvi huuhifadhi. Hakuna mashine wala ufundi mkubwa hapo, ni ndoo na kamba. Mwenye jahazi anayekwenda likizo Mombasa au Unguja mwezi wa Julai lazima atafute mtu wa kushika ndoo hiyo kila siku, amwonyeshe mwenyewe pa kuanzia na pa kuishia, na amlipe vizuri.