Karatasi Haili Rushwa

Watu wakiona matundu kumi yamebanana katikati ya shabaha humsifu mpigaji: jicho lake, mkono wake, utulivu wake. Anastahili, lakini usione vyaelea, vimeundwa. Kabla ya matundu yale palikuwa na mtu aliyeketi mezani jioni nyingi, akakusanya maganda yaliyokwisha kutumika, akayasafisha, akayatia fataki mpya, akayapimia baruti na kuyavisha vichwa. Mara nyingi ni mpigaji yuleyule. Nataka kuusifu ufundi huo wa mezani, hasa ile sehemu yake isiyopigiwa makofi: kulinganisha vichwa vya risasi kwa haki.

Ufundi huu una makao yanayojulikana. Camp Perry, jimboni Ohio, kando ya Ziwa Erie, Wamarekani wamefanya mashindano yao ya kitaifa ya kulenga shabaha tangu 1907. Katika mchezo wa bastola uitwao Bullseye, mshindani hushika bastola kwa mkono mmoja, akapiga kutoka yadi 50, yaani karibu mita 46, kisha kutoka yadi 25. Kwenye shabaha ya yadi 50, duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8.5 hivi, na duara la ndani zaidi ni nusu ya hapo. Shindano kamili ni risasi 270 kwa alama 2,700. Mwaka 1974 Hershel Anderson alipata 2,680, yaani alipoteza alama 20 tu. Watu wakifika kiwango hicho, kichwa kinachopotoka sentimita mbili kinatosha kumnyima mtu kombe.

Vichwa vyenyewe ni vya namna tatu. Kipo cha madini ya risasi kilichopakwa nta: ni rahisi kwa bei, lakini hutoa moshi na huweza kuacha masalia ya madini ndani ya mtutu. Kipo chenye koti la shaba: ni safi, ila humaliza fedha za mtu anayepiga maelfu kwa mwaka. Katikati ya hao wawili amekuja mgeni: kichwa cha madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni na stani, kikapakwa polima na kuokwa katika joko lenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Kinatoka kimevaa nyekundu, kijani au nyeusi. Moshi wake ni mdogo, mtutu hubaki safi, na bei yake iko karibu na ile ya kichwa cha nta. Swali lililobaki ni moja: je, kinapiga panapolengwa?

Muuzaji atasema ndiyo. Fundi hukichukua kichwa kimoja, akakigeuza juu chini chini ya taa, akatazama kitako. Pengine ataona donge dogo la rangi, mahali kichwa kilipogusa waya wa trei kikiwa jokoni. Atapitisha ukucha, ukikwama, kichwa kile kitawekwa pembeni. Hana wasiwasi mkubwa na ncha, ana wasiwasi na kitako, na sababu yake ni ya zamani. Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alichapisha mwaka 1909 kitabu cha majaribio yake ya miaka mingi. Alikuwa akiharibu vichwa vya risasi za bunduki makusudi, na akakuta kwamba ncha iliyopondeka haileti hasara kubwa, ilhali kitako kilichoharibika humtupa mpigaji mbali. Kitako ndicho usukani wa jahazi: ndicho cha mwisho kutoka mtutuni, na gesi ikikiponyoka upande mmoja kabla ya mwingine, kichwa huanza safari kikiwa kimekwisha kuinama.

Halafu kuna upana. Kichwa cha 9mm chenye koti la shaba kwa kawaida huwa na inchi 0.355, kilichopakwa mara nyingi huwa 0.356. Tofauti ni elfu moja ya inchi, nyembamba kuliko unywele wa kawaida, lakini ndiyo huamua kama kichwa kitaziba mtutu sawasawa au kitaacha gesi ipite ubavuni. Kwa hiyo fundi makini husukuma kipande cha madini laini ndani ya mtutu mtupu, akakitoa na kukipima, ili ajue bastola yake inataka nini.

Hata kichwa kizuri huweza kuharibiwa mezani. Mdomo wa ganda usipotanuliwa vya kutosha hukwaruza rangi wakati kichwa kinaingizwa, na ukibanwa kupita kiasi huikata. Njia ya kujua ni kuingiza kichwa kwenye ganda tupu, kukibana kama kawaida, kisha kukitoa kwa nyundo ya kung'olea. Ukiona pete ya kijivu ikichungulia kwenye rangi, madini yamevuliwa nguo, na faida ya kupaka imekwisha kabla fataki haijapigwa.

Hayo yakiisha ndipo karatasi huitwa kutoa hukumu, nayo karatasi haili rushwa. Anayeweza huifunga bastola kwenye kifaa kiitwacho Ransom Rest, ili kosa la mkono wake lisihesabiwe kuwa la kichwa. Maganda yawe ya aina moja, fataki za pakiti moja, na vichwa vipigwe kwa kupokezana, ili mtutu ukipata moto au taa ikibadilika, wote waonje sawa.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtu hupiga risasi tano, akapata kundi dogo, akalipiga picha na kutangaza mshindi. Lakini kichwa kilekile, kutoka bastola ileile, hutoa makundi ya tano yanayopishana kwa kama robo ya ukubwa wao, kwa bahati tu. Na kundi la risasi kumi huwa kubwa kuliko la tano kwa wastani wa karibu robo, bila chochote kuharibika. Anayelinganisha kumi za huyu na tano za yule anawapunja wote wawili. Fundi mwaminifu hupiga makundi kadhaa ya kumi, akayapima yote, hata yale yanayomwaibisha.

Na karatasi ikisema, huwa inasema kwa masharti. Wapigaji wengi wa Bullseye hutumia kichwa cha koti la shaba kwa yadi 50, wakaacha cha madini au kilichopakwa kwa yadi 25. Kwenye mashindano ya vitendo ya chama cha Marekani kiitwacho USPSA, eneo la juu la alama lina upana wa sentimita 15 hivi na urefu wa 28, na huko kichwa kizuri kilichopakwa kinatosha na kubaki. Kuuliza ni kipi bora bila kutaja umbali ni kuuliza bei bila kutaja bidhaa.

Ninachokisifu basi ni tabia. Mtu huyu amenunua vichwa kwa fedha zake, angependa viwe vizuri, ana rafiki aliyemshauri avinunue, na bado hukubali kipande cha karatasi kimkanushe. Tabia hiyo ingetufaa hata sisi tusioshika bastola. Kwa wewe unayeshiriki mchezo huu kihalali: fuata vipimo vya baruti vilivyochapishwa na watengenezaji, anza chini, vaa miwani, nawa mikono baada ya kushika madini. Kisha piga kumi, pima, rudia, na uandike matokeo yote. Kichwa kikishindwa mbele ya karatasi, kiache, hata kama rangi yake inapendeza.