Kitendawili na mchezo wa Codenames: je, ni ndugu?

Katika chama chetu kuna wenzetu wenye kusema kama michezo ya kukisia maneno, ile vijana wanacheza kwa ekipe mbili kwenye intaneti, ni vitendawili vya kisasa tu, na kwa hiyo tusihangaike juu ya mila. Nami nilisema vilevile, mpaka siku nilipoicheza. Sasa ninakataa, na nitafasiria juu ya nini.

Ninatwaa Codenames, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Aliyeibuni ni Vlaada Chvátil, mtu wa Ucheki. Ilitoka mwaka 2015, ikiwa karata ndani ya sanduku, na mwaka 2016 ikapata kule Ujerumani ile zawadi ya Spiel des Jahres. Kiisha ikaingia kwenye intaneti, na marafiki walio mbali wanaicheza kila mmoja na telefone yake. Maneno 25 yanapangwa mbele ya wote. Makapiteni wawili peke yao wanaona ufunguo: 9 ni ya ekipe inayoanza, 8 ya ekipe ya pili, 7 hayana mwenyewe, na moja ni jeusi. Mwenye kuligusa hilo, ekipe yake imeshindwa palepale. Kapiteni anatoa neno moja na hesabu moja, basi, ananyamaza. Akisema "mto, 3", wenzake wanatafuta maneno matatu yanayoelekea mto.

Nisifu kwanza. Huu mchezo ni mwalimu mkali wa lugha. Sisi tuliacha maneno ya Kifaransa, tukaingiza yetu ya Kiswahili, maana kuna tovuti inayokubali. Sheria inamkataza kapiteni kutaja neno lililo mezani, ao umbo lake lingine. Kwa Kiswahili hapo ndipo kuna kazi! "Mpishi" akiwa mezani, basi kupika, mapishi, upishi, pishi, yote yamekufa siku moja. Mara tukabishana juu ya "mlima": je, mtu anaweza kusema "kulima"? Mpwa wangu mmoja wa hapa Bukavu akajibu: "Hapana, mjomba, ni kitu kimoja, si tunalima juu ya mlima?" Tulicheka sana, lakini nimekwisha kufundisha shina la neno miaka mingi bila kuona wanafunzi wakiligombania namna ile.

Sasa tuone kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Lilikuwa yai kwa bibi yangu, ni yai kwa watoto wangu. Mwenye kutega analishika jibu kwa niaba ya wote waliomtangulia. Asiyejua hashindwi bule: kwa Waswahili wa pwani anaombwa atoe mji, kiisha anaambiwa. Analala akiwa na kitu ambacho asubuhi hakuwa nacho.

Codenames haina jibu la namna hiyo. Jibu liko ndani ya kichwa cha kapiteni, na kichwa cha kapiteni kinategemea yale ambayo marafiki wamekwisha kuishi pamoja. Inapima tu kile mlicho nacho, haikuongezei. Na yule asiyekuwa nacho, inamtoa nje mbele ya watu.

Niliyaona hayo siku moja nyumbani kwetu. Dada yangu alikuwa kapiteni. Katika ekipe yake kulikuwa na mtoto wake mwenyewe, aliyekomalia Ubelgiji, na sisi wawili wa hapa. Dada akatoa: "matanga, 3". Sisi tukaona mara moja: moto, mkeka, usiku. Lakini zamu ya kubonyeza ilikuwa ya yule kijana, na yeye alisikia "matango". Akabonyeza "soko". Lilikuwa lile jeusi.

Hakuna aliyecheka. Baba yake tulimzika hapa mwaka 2020, wakati mipaka ilifungwa sababu ya Covid-19, na yeye hakuweza kuja. Neno lenyewe hakuwa analijua, na kwenye ukurasa ule hakuna mahali pa kuuliza. Mchezo unaonyesha umeshindwa, halafu unakungojea uanze upya. Mzee mwenye kutega kitendawili angekuwa na deni la kusema.

Kwa hiyo wenzetu wasiseme ni kitu kimoja. Vijana wacheze, nami ninacheza nao. Lakini maneno tuingize ya kwetu, na mzee akae karibu.

Siku ile kijana aliuliza tu: "Mama, matanga iko nini?" Tukaacha karata vile zilivyo. Dada akaanza kumwambia: ule moto wa nje, wamama waliotoka Kadutu ijapokuwa ilikatazwa kukusanyika wengi, nani alileta makala, nani alilia wa kwanza, baba yake walimwita majina gani. Mega zangu ziliisha akiwa angali anasema.