Vita vya Mkwawa Ndani ya Boma la Mjerumani

Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi, ni makumbusho tangu mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Iringa ndicho kilicholigeuza, kupitia mradi wa Fahari Yetu uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Kabla ya hapo jengo lilitumika kwa miongo mingi kama ofisi ya utawala, kwanza chini ya Waingereza, kisha chini ya serikali huru. Kwa hiyo mwananchi wa Iringa aliyezoea kuingia humo kutafuta muhuri sasa anaingia kutazama historia yake.

Uamuzi mkubwa wa kitaalamu ulikuwa kulikarabati jengo hilo badala ya kujenga ukumbi mpya. Kuta zake zilisimamishwa na washindi, miaka miwili tu baada ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kujiua, tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi. Mgeni hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi utawala wa kijeshi ulikuwaje, maana amesimama ndani yake. Uamuzi mwingine ulikuwa kutoyafanya makumbusho haya kuwa ya vita peke yake. Boma linaueleza mkoa mzima, tamaduni zake, kazi za watu wake na historia yao, na vita vinaonekana kama jambo lililowapata watu waliokuwa wakilima, wakifuga na kuoana. Mpangilio huo una faida kubwa: aliyekufa anapewa maisha kabla ya kupewa kifo.

Ubora wa njia hiyo unaonekana vizuri inapolinganishwa na kumbukumbu nyingine mbili zilizo karibu. Huko Lugalo upo mnara uliowekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao waliouawa tarehe 17 Agosti 1891, pale Wahehe walipokivamia kikosi cha Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wengi wa waliokufa upande wake walikuwa askari Waafrika, Wasudani na Wazulu miongoni mwao, walioletwa kutoka mbali kupigana katika nchi wasiyoijua. Mnara uliosimamishwa na jeshi hueleza huzuni ya jeshi hilo, na hapo ndipo unapoishia.

Kalenga ni jambo jingine kabisa. Ngome ya Mkwawa iliangushwa mwishoni mwa Oktoba 1894, na leo makumbusho madogo ya hapo yanabeba kitu kimoja kinachofunika vingine vyote: fuvu la kichwa ndani ya sanduku la kioo. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa baada ya kifo chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Halikukabidhiwa. Ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyelifuata kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa kwa maelfu. Yaliyotoka Afrika Mashariki yalitengwa, yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Likachaguliwa moja lililokaribiana nao na lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mbele ya umati mkubwa.

Wanahistoria wametilia shaka utambuzi huo, na wana haki, kwa sababu vipimo vya kichwa haviwezi kuthibitisha kwamba fuvu ni la mtu fulani. Hata hivyo, mbele ya kioo kile watu hunyamaza na kuinamisha vichwa. Hapa ndipo kazi ya chuo kikuu inapohitajika: kuieleza safari ya fuvu kwa ukweli wake wote, pamoja na mashaka yake, bila kuivunja heshima ya waliolipokea.

Lakini makumbusho ya Boma nayo yana kasoro nzito, inayotokana na mipaka. Makumbusho ya mkoa hufuata mpaka wa mkoa, lakini vita vya nyanda hizi havikuufuata. Madibira, kwenye njia ya kutoka Mafinga kuelekea Rujewa, iko wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ukingoni mwa Usangu, na Wahehe, Wasangu na Wabena wameishi huko kwa kuchanganyika. Ukitazama kutoka Madibira, vita vya karne ya 19 havianzi na Wajerumani. Vinaanza na ugomvi wa Wahehe na ukoo wa Merere, watawala wa Wasangu, tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa. Wasangu walifukuzwa kwao, wakakimbilia magharibi, na ni Wajerumani waliomrudisha Merere Usangu katika miaka ya 1890. Kwa Mhehe Mjerumani alikuwa mvamizi. Kwa wafuasi wa Merere alikuwa mshirika aliyewarudishia nchi.

Maonyesho yanayomweka Mwafrika upande mmoja na Mzungu upande wa pili hayawezi kubeba habari hiyo. Yanahitaji masimulizi ya wazee wa pande zote mbili, yarekodiwe kwa Kihehe na Kisangu, kisha yawekwe bega kwa bega bila upande mmoja kupewa neno la mwisho. Yanahitaji pia ramani ya nchi kama ilivyokuwa, kabla ya kuwapo Iringa na Mbeya za leo.

Chuo kilichokwisha kuligeuza boma kuwa makumbusho kina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Maonyesho ya kuhamishika yaanzie Madibira, katika madarasa ya shule, wazee wa Kihehe na wa Kisangu wakiwa wazungumzaji wa kwanza.