Paa la Makuti: Kukadiria Idadi na Kutambua Ubora

Makuti ya kuezekea pwani ni ya namna tatu. Kumba ni jani zima la mnazi lililosukwa pande zote mbili za upongoo. Pande ni nusu ya jani hilo, iliyosukwa peke yake. Viungo ni majani membamba yaliyochambuliwa, yakakunjwa juu ya ufito na kushonwa yakabanana. Kumba na pande hufaa zaidi kwa ua na mabanda. Nyumba ya kuishi huezekwa kwa viungo, na hesabu ifuatayo ni ya viungo.

Kuti zuri hutambulikana likiwa bado chini. Likielekezwa kwenye jua, mwanga haupenyi karibu na ufito, kwa kuwa kila jani limefunika ukingo wa lenzake. Jani likivutwa halichomoki. Ufito umenyooka na haujatobolewa na wadudu. Madoa meusi na harufu ya uvundo ni dalili kwamba makuti yalilundikwa yakiwa na unyevu. Hayo huoza mapema hata yakiezekwa na fundi hodari.

Kinachopimwa ni mteremko wa paa, si sakafu. Mfano ni paa la miteremko miwili lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, upenu ukiwa umehesabiwa, na mwamba ulioinuka mita 3 juu ya usawa wa upenu. Nusu ya upana ni mita 3, hivyo mteremko una mita 4.24, na eneo la pande zote mbili ni karibu mita 68 za mraba, ilhali eneo la chini ni 48 tu. Paa la nyuzi 30 lingehitaji mita 55 hivi. Nafuu hiyo ina gharama yake: maji hushuka polepole, makuti hukawia kukauka, na kuoza huanza mapema. Paa la miteremko minne lenye mwinuko uleule halibadilishi eneo. Linaongeza vipande vinavyokatwa pembeni.

Nafasi kati ya safu na safu ndiyo inayoamua idadi na uimara kwa pamoja. Kuti la sentimita 90, likipandana na jirani yake kwa sentimita 10, hufunika sentimita 80; kwa hiyo safu moja ya mita 8 hula makuti 10. Safu zikiachana kwa sentimita 10, kila mteremko huwa na safu 43, na paa zima makuti 860. Zikiachana kwa sentimita 15, safu ni 29 na makuti 580. Ikiwa majani yananing'inia sentimita 45, nafasi ya kwanza huliachia paa tabaka nne na zaidi, ya pili tabaka tatu. Hivyo makadirio ya mafundi wawili hayalinganishwi kwa bei kabla ya kila mmoja kutaja nafasi yake. Anayetaka makuti machache mno huenda hajapunja bei, amepunja paa.

Juu ya 860 huongezwa safu ya pili ya upenu, makuti 20 kwa pande zote, kwa sababu safu ya chini kabisa haina nyingine ya kuitegemeza. Mgongo wa paa, ambako miteremko hukutana na mvua hupenya kwa urahisi, ukipewa tabaka tatu hutaka 30. Jumla ni 910. Asilimia 5 ya akiba kwa yatakayoharibika huifikisha kama 960. Kwa miteremko minne, asilimia 10 ni salama zaidi.

Kazi iliyokamilika hukaguliwa kutoka ndani, kabla ya dari kuwekwa. Fito huhesabiwa katika mita moja ya mteremko: zikiwa 10, nafasi iliyoahidiwa imefuatwa, zikiwa 6 au 7, makuti yamenyooshwa. Kisha hutazamwa viungio vya safu moja na inayofuata, ambavyo havipaswi kukaa kwenye mstari mmoja, kwani hapo ndipo maji hupata njia. Mwisho hutazamwa mgongo wakati wa jua kali. Tundu lolote la mwanga huzibwa kwa makuti ya akiba kabla fundi hajalipwa.