Mafundi wa Kuyapisha Maji

Kwenye mzunguko wa barabara wa Bustan, Muscat, limesimamishwa jahazi ambalo mbao zake hazikupigiliwa misumari. Jina lake Sohar. Lilishonwa mjini Sur mwaka 1980 kwa kamba za makumbi, kwa ufundi wa ukoo mmoja na mitepe ya Lamu. Novemba mwaka huo liling'oa nanga Muscat chini ya Tim Severin, baharia na mwandishi, na Julai 1981 likaingia Guangzhou, China. Chombo cha kushonwa hupigwa na wimbi kikajipinda kidogo, kisha kikarudi mahali pake, na salama yake imo humo. Nyuma ya jahazi hilo ipo milima mikavu ya mawe. Mbele ipo Bahari ya Oman. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na kila mwenye fedha za kujenga anaukodolea macho.

Ukanda wa namna hiyo unataka mafundi wenye tabia ya wale washonaji wa Sur: wapimaji ardhi, wahandisi wa maji na wapanga miji wanaojua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza. Jengo refu hupigwa picha likasifiwa. Kalavati lililopimwa barabara halipigiwi makofi na mtu, ingawa ndilo lililowaacha watu wamelala majumbani mwao usiku wa mvua.

Muscat hupata mvua ya wastani wa milimita 100 hivi kwa mwaka. Mgeni akisikia hesabu hiyo hudhani mafuriko ni habari za Dar es Salaam au Mombasa. Lakini mlima wa Oman hauna udongo wa kunywa maji wala msitu wa kuyachelewesha. Mvua ya saa chache huteremka kwa pamoja, ikaingia katika wadi, bonde la mto lililokaa kavu kwa miezi, na wadi likishuka hubeba mawe, magari na kuta. Tarehe 5 Juni 1890 kimbunga kiliimwagia Muscat zaidi ya milimita 280 katika saa 24, na mamia ya watu wakafa. Juni 2007, miaka 117 baadaye, kikaja Gonu. Watu wapatao 50 walipoteza maisha nchini Oman, na hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 4 za Marekani.

Gonu kilifichua jambo ambalo ramani za viwanja hazikuwa zikilisema kwa sauti. Eneo la biashara la Qurum, karibu na mahali Wadi Adai linapotokea baharini, lilifurika kwa sababu maji ya mlimani yalikuwa yakiteremka huku bahari iliyochafuka ikisukuma kuelekea nchi kavu. Mtaa wa pwani una adui wawili, na siku mbaya ni ile wanayokutana mdomoni mwa wadi. Anayejenga ukuta wa kuzuia bahari peke yake huenda amejenga bwawa la kuyafungia ndani maji ya mvua.

Kwa hiyo fundi hodari huanza kwa miguu. Hupanda wadi akitazama ukubwa wa mawe, kwa kuwa jiwe huonyesha nguvu ya maji yaliyolisukuma. Hutafuta takataka zilizonasa katika matawi ya migunga, kwani hapo ndipo maji yalipofika. Huwauliza wavuvi wazee. Baada ya hapo ndipo hesabu zinapoingia: eneo linalokusanya mvua, mwinuko wake, kasi ya maji. Wahandisi huzungumzia mafuriko ya mara moja katika miaka 100, na wanunuzi hupumua wakidhani yatawakuta wajukuu. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1. Nyumba ikikaa miaka 30, uwezekano wa kuyaona unazidi robo.

Ufundi huu si mgeni Oman. Waliochimba mafalaji, mifereji ya kale ya maji, walikutana na tatizo hilo hilo karne nyingi zilizopita: mfereji lazima uvuke wadi, na wadi likishuka halibakizi kitu. Waliuingiza mfereji ardhini upande mmoja, ukapita chini ya wadi na kupanda tena ng'ambo kwa msukumo wa maji yenyewe. Juu yake mafuriko yalijipitia. Mwaka 2006 mafalaji matano ya Oman yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ustahili wao haubishaniwi.

Mtaa mpya pwani ya Bustan ungefuata akili hiyo hiyo. Njia ya wadi ingeachwa pana, iwe bustani, uwanja wa mpira na maegesho, mahali panapoweza kulowa na kukauka bila msiba. Nyumba zingekaa juu zaidi, chini yake magari, na mitambo ya umeme isiwekwe kamwe ghorofa ya chini. Miti ingenyweshwa maji taka yaliyosafishwa, kwani katika nchi inayochuja maji ya bahari ili watu wanywe, kumwagilia majani kwa maji hayo ya kunywa ni israfu.

Kuna pia ujuzi wa kujua kisichofaa mahali. Hifadhi ya Qurum, iliyoanzishwa mwaka 1975, ina mikoko aina ya mchu, na tangu 2013 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mchu hupunguza nguvu ya mawimbi na kulea samaki wadogo, lakini unataka khori lenye tope na utulivu. Kuupanda kwenye ufukwe wazi wa mchanga ni kutafuta picha ya sherehe tu. Ufukwe kama huo hulindwa kwa kurudisha majengo nyuma na kuuachia mchanga nafasi ya kusogea.

Mabwawa yana nafasi yake. Lile la Wadi Dayqah, karibu na Qurayyat, lina ukuta wenye urefu wa mita 75 kwenda juu na hubeba maji mita za ujazo milioni 100. Hata hivyo bwawa hushika na mchanga uliokuwa ukilisha fukwe, kwa hiyo lina gharama yake pia. Waholanzi, mabingwa wa kuta za maji, nao wamejifunza kurudi nyuma: mjini Nijmegen walilisogeza tuta mita 350 kuingia nchi kavu ili mto Waal upate pa kupita.

Gumu kuliko yote ni watu. Kijiji cha wavuvi cha Bustan kilihamishwa kupisha hoteli ya Al Bustan Palace, iliyotumika mwaka 1985 kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waliotoka Jangwani, katika Bonde la Msimbazi, walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, na baadhi wakarejea bondeni. Sasa mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopitishiwa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Sifa ya mafundi wake itategemea pia mahali watakapolala waliohamishwa.

Anayenunua kiwanja pwani, iwe Bustan au Msasani ya Dar es Salaam, aombe kwanza kuonyeshwa ramani ya mafuriko na njia ya maji. Asipoonyeshwa, asilipe.