"Kipoza Mafuta" au "Kipozaoili"? Uhakiki wa Istilahi za Kupoza Injini

1. Utangulizi

Istilahi za ufundi wa magari zimekuwa zikiingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni karakana, ambako fundi hulipa jina chuma alichokishika mkononi. Mlango wa pili ni ofisi, ambako mtaalamu wa lugha hulipa jina chuma ambacho aghalabu hajakiona. Milango hii miwili ikikosa kuonana, hutokea kwamba kitu kimoja kikawa na majina matatu, au jina moja likabeba vitu viwili. Hali ya kwanza ni usumbufu tu. Ya pili ni hatari.

Makala haya yanahakiki istilahi moja iliyoangukia katika hali hiyo ya pili, yaani "kipoza mafuta", pamoja na jamaa zake wa karibu, "rejeta" na "feni". Chombo kinachokusudiwa ni kile kinachopokea oili ya moto kutoka kwenye injini, kikaipunguzia joto, kisha kikairudisha ifanye kazi yake ya kulainisha. Mifano imechukuliwa katika magari ya zamani ya mashindano, na katika malori yanayotengenezwa kwenye karakana za Pito, kata iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, ambako mwandishi alikusanya maneno ya mafundi.

2. Kitu chenyewe

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukifahamu kinachoitwa. Magari ya mashindano yanatufaa kwa kuanzia, kwa sababu katika magari hayo chombo hiki mara nyingi hakikuja na gari kutoka kiwandani. Fundi alikiongeza kwa mkono wake, na kwa hiyo kila kiungo chake chaonekana wazi.

Msomaji atakumbuka yale mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani yanayofuata nyayo za Safari katika barabara za Kenya na Tanzania. Anayeliandaa gari kama hilo kwa safari ndefu ya vumbi na joto huanza na suala la kupoza. Huweka kipande cha chuma baina ya bloku ya injini na filta ya oili, chenye matundu mawili. Kutoka kwenye matundu hayo hupitisha mipira miwili mizito, mmoja wa kupeleka oili mbele ya gari na mwingine wa kuirudisha. Huko mbele, mahali penye upepo, hufunga chombo chenye mirija na mapezi membamba. Fundi mwangalifu huongeza thamostati ili oili isipelekwe mbele kabla haijapata moto wa kutosha, kwani oili iliyo baridi mno huwa nzito, nayo hukawia kufika panapohitajiwa.

Kisha huja suala la feni. Gari likienda kasi, upepo huja wenyewe. Likipanda mlima polepole au likisimama, hapana upepo, na lazima uletwe. Feni ya kale huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikienda pole, nayo huenda pole, hata kama joto limezidi. Kwa hiyo fundi huiondoa akafunga feni za umeme, zenye fyuzi, rilei na swichi ya joto. Feni ikikaa nyuma ya rejeta huvuta hewa ipite. Ikikaa mbele huisukuma. Mapanga yake hayalingani, na anayeigeuza bila kujua hupata feni inayozunguka kwa kelele nyingi na kupoza kidogo.

Yapo hata magari ambayo hayana rejeta ya maji kabisa. Porsche 911 za kuanzia mwaka 1964 hadi 1998 zilipozwa kwa hewa na kwa oili. Katika gari kama hilo kuipoza oili si jambo la ziada; ni sehemu kubwa ya kuipoza injini yenyewe.

3. Kasoro ya "kipoza mafuta"

Sasa tuitazame istilahi yetu. Mtungaji wake alifuata njia njema: alichukua kitenzi "poza", akaunda jina la kitendea kazi "kipoza", akaliongezea kinachopozwa. Kasoro imo katika neno la pili.

Katika karakana zote mwandishi alizozitembelea, "mafuta" maana yake ni kile kinachochomwa na injini, yaani dizeli au petroli. Abiria akiambiwa gari limeishiwa mafuta hawazii kitu kingine. Kile kinacholainisha huitwa "oili", na kilichokwisha kutumika huitwa "oili chafu", ambayo wananchi huipaka kwenye mbao ili mchwa wasizile. Fundi hachanganyi maneno haya mawili, kama vile mpishi asivyochanganya chumvi na sukari ingawa vyote ni vyeupe.

Zaidi ya hayo, kipoza mafuta cha kweli kipo. Baadhi ya injini za dizeli zina chombo cha kupoza dizeli inayorudi kwenye tangi baada ya kupita kwenye pampu. Tukikipa chombo cha oili jina hili, hicho cha dizeli tutakiitaje?

Madhara yake si ya kubuni. Karakana moja ya Pito ilikuwa na karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ikiagiza kwamba mipira ya "kipoza mafuta" ikaguliwe na kubadilishwa. Mwanagenzi aliyekabidhiwa kazi alifuata maandishi kwa uaminifu: akafungua mipira ya dizeli. Hewa ikaingia katika njia ya dizeli, na lori lililokuwa limepakia mahindi likashinda hapo hadi jioni likitolewa hewa. Mipira ya oili, iliyokuwa imechakaa kweli, haikuguswa. Mzee mwenye karakana alipoulizwa maoni yake kuhusu karatasi ile, alijibu: "Mwanangu, huyu kijana hakukosea kusoma. Aliyeandika ndiye hakuwahi kushika spana." Kauli hiyo ni uhakiki tosha.

Wapo watakaosema tuseme "mafuta ya kulainisha", au tutumie neno "kilainishi", ambalo limekwisha kuzoeleka katika biashara. Lakini grisi nayo ni kilainishi, wala haipitishwi kwenye mirija ikapozwe. Na "kipoza mafuta ya kulainisha" ni maelezo, si istilahi. Fundi aliyelala chini ya gari hawezi kumwita msaidizi wake kwa sentensi.

4. "Oilikula" na "rejeta ya oili"

Karakana nazo zina majina yao. La kwanza ni "oilikula", lililotoholewa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Utohozi si dhambi, lakini neno hili limeangukia pabaya. Kwa Kiswahili gari "hula oili" linapoichoma ndani ya silinda na kutoa moshi wa buluu; huo ni ugonjwa wa injini, na dawa yake ni gharama. Mwenye gari asiye fundi akiambiwa "tatizo liko kwenye oilikula" ana haki ya kudhani kwamba gari lake linakula oili. Istilahi inayotaja dawa kwa sauti ya ugonjwa haifai.

Jina la pili ni "rejeta ya oili". Hili lina sifa nyingi: linaeleweka upesi, na linaonyesha umbo. Kwa gari la mashindano tulilolieleza hapo juu linatosha kabisa, kwa kuwa chombo chake ni rejeta kwa sura na kwa kazi. Lakini malori mengi yana chombo cha namna nyingine. Humo oili haipozwi na upepo. Hupita kwenye mabamba au mirija iliyozungukwa na maji ya injini, ikayaachia maji joto lake, na maji yakaenda kupozwa kwenye rejeta. Chombo hicho hufungwa ubavuni mwa injini au ndani ya bloku, mahali ambapo macho hayafiki. Hakina feni, hakina mapezi yanayoonekana, wala hakifanani na rejeta.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Chombo hicho kikitoboka, oili huingia katika maji, na rejeta hukutwa na uchafu mzito kama chai ya maziwa. Fundi anayejua kwamba "rejeta ya oili" hukaa mbele ya gari hutazama mbele, haoni kitu, kisha huhukumu kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Huifungua injini yote, hubadilisha gasketi, huifunga, na baada ya siku chache maziwa hurudi. Jina ndilo lililomficha mhalifu.

Kwa hiyo twahitaji jina la jumla la chombo, na chini yake majina ya aina zake. Jina la jumla na liwe "kipozaoili", neno moja, kwa kufuata njia iliyotupa kipazasauti, kinasasauti na kipimajoto. Chini yake pawe na "kipozaoili cha hewa", ambacho fundi ana ruhusa ya kuendelea kukiita rejeta ya oili, na "kipozaoili cha maji". Mwandishi na mpiga chapa wajihadhari na irabu moja tu: kupoza ni kuondoa joto, kupooza ni kulemaa.

5. Kuhusu "feni"

Limewahi kujadiliwa swali la kuiacha "feni" na kurudi kwenye kitenzi chetu cha "pepea". Pendekezo hilo lapendeza mpaka lifike karakanani. "Kipepeo" ni mdudu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. "Pangaboi" limekwisha kutundikwa darini, nalo halitashuka. "Feni" limeenea nyumbani, ofisini na garini, nalo limezaa istilahi zake: mapanga ya feni, mkanda wa feni, klachi ya feni. Neno lililokwisha kuzaa haliondolewi nyumbani kwa sababu ya asili yake. Kinachopungua ni kutenganisha: "feni ya kuvuta" na "feni ya kusukuma" yafaa yaandikwe rasmi, kwa sababu anayeagiza kipuri bila kusema ipi huletewa isiyo yake.

6. Hoja ya usafi

Yatasemwa kwamba mapendekezo haya yanapendelea maneno ya kigeni: oili, rejeta, feni. Kanuni tuliyoizoea hutuagiza tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tutazame nje. Kanuni hiyo ni njema, nayo imetupa mengi. Lakini ni kanuni ya mahali pa kutafuta, si kipimo cha kilichopatikana. Kipimo cha istilahi ni kimoja: je, yatenganisha vitu ambavyo kazi yenyewe huvitenganisha?

Ufipa ina ushahidi wa kale wa jambo hili. Wafua chuma wa nyanda hizo walikuwa na tanuri refu, ilungu, ambalo hewa iliingia yenyewe kwa kuvutwa na joto, pasipo kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Matanuri yote mawili yalikuwa ya udongo, ya moto, ya chuma. Hata hivyo hayakuitwa kwa jina moja, kwa kuwa katika moja hewa huja na katika jingine huletwa, na asiyejua tofauti hiyo aliharibu kazi ya siku nyingi. Hiyo ndiyo tofauti ile ile ya upepo wa mwendo na upepo wa feni. Wazee hao hawakuuliza neno lina nasaba gani. Waliuliza linataja nini.

Nayo mazingira ya Ufipa hayasamehe uzembe. Sumbawanga iko katika mwinuko wa takriban mita 1,800, na lori linalotoka Bonde la Ziwa Rukwa na shehena ya mpunga hupanda karibu mita 1,000. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko ile ya pwani, hivyo huchukua joto kidogo zaidi. Kisha asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na oili hugandamana. Fundi wa Pito anahitaji kipozaoili mchana na thamostati alfajiri. Hana nafasi ya kubahatisha maana ya karatasi.

7. Mapendekezo

Yafuatayo yanawekwa mbele ya watumiaji wayapime, wala si mbele ya wanaisimu peke yao:

(i) Oili: kilainishi cha majimaji cha injini. Neno "mafuta" liachiwe dizeli na petroli.
(ii) Kipozaoili (wingi: vipozaoili): jina la jumla. Aina zake: kipozaoili cha hewa, au rejeta ya oili, na kipozaoili cha maji.
(iii) Kipozamafuta: chombo cha kupoza dizeli, na hicho tu.
(iv) Feni ya kuvuta. Feni ya kusukuma.
(v) "Oilikula" liachwe katika maandishi.

Mwandishi anapendekeza pia kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi, kabla ya kusanifiwa, isomwe kwa sauti karakanani mbele ya mafundi na wanagenzi, na kila neno lioneshwe kwa kidole kwenye injini iliyo wazi. Neno ambalo vidole viwili vinalionesha mahali pawili lirudishwe ofisini.