Kuchora Mstari Majini

Upepo niliufahamu kwanza kwenye ngano. Aliyekulia Katesh, chini ya mlima Hanang, hana bahari. Ana Balangida, ziwa ambalo kiangazi kikikaza hubaki uwanda mweupe wa chumvi, na ana Basotu yenye viboko. Lakini tulikuwa na mashamba makubwa ya Basotu, yale yaliyolimwa kwa trekta za mradi wa Tanzania na Kanada tangu miaka ya 1970, ngano hadi jicho linapoishia (na yaliyozua kesi ndefu ya ardhi na Wabarabaig, habari inayostahili makala yake yenyewe). Ngano ikikaribia kukomaa, upepo unauona kabla haujakufikia: kivuli kinakimbia juu ya masuke, kinapinda kushoto, kinafifia, kingine kinazaliwa kando yake. Utotoni tulipanda juu ya kichuguu tukabishana ni kipi kitatupiga usoni kwanza.

Kwa hiyo siku mzee mmoja wa Msasani aliponyoosha kidole baharini na kuniambia, "Tazama pale maji yalipokunja uso, mwanangu," sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilikuwa mgeni ndani ya boti la waamuzi, katika ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, siku ya mashindano ya vyombo vya tanga. Nimeshika saa na kipenga miaka mingi katika michezo ya shule huko kwetu, na rafiki yangu wa mjini alidhani mshika saa wa nchi kavu angependa kumwona mwenzake wa majini akifanya kazi. Alidhani sawasawa. Vyombo vyenyewe nilivitazama kwa furaha ya kawaida ya mtu wa bara. Mzee nilimtazama kwa jicho la mwanafunzi.

Kwetu kazi huanza na chokaa. Unanyoosha kamba, unamwaga mstari, unawaambia watoto wasimame nyuma yake na vidole visiguse. Ukirudi baada ya chai, mstari uko palepale. Mzee yule hana chokaa. Mstari wake ni wa macho matupu: unaanzia kwenye mlingoti uliosimamishwa juu ya boti letu, unaishia kwenye boya la rangi ya chungwa ng'ambo kule, na kati yake ni maji tu. Tena washindani hawasimami nyuma yake wakingoja. Mashua ikisimama inakuwa gogo, haisikii usukani. Kwa hiyo vyombo vyote vinazunguka, vinapishana, vinageuka, na kila nahodha anataka omo ya chombo chake ifike kwenye mstari katika sekunde ileile mbio zinapofunguliwa, huku tanga limejaa.

Alianza saa nzima kabla. Alikuwa na fimbo yenye uzi wa sufu nchani, na kila baada ya dakika chache aliinua dira, akausoma uzi unapoelekea, akaandika namba kwenye daftari lililokunjamana kwa chumvi: 160, 165, 155, 165, 160. Ilikuwa majira ya kusi. Nilimuuliza kwa nini asiandike mara moja akamaliza. Akasema upepo ni kama mkia wa ng'ombe, hautulii hata ng'ombe akisimama, na yeye anatafuta shina la mkia. Alipolipata, ndipo akaagiza boya la kwanza la kuzunguka lipelekwe juu, moja kwa moja upepo unakotoka, ili vyombo vilazimike kupiga bisha, kulia na kushoto, na kila nahodha achague njia yake mwenyewe. Boya likikaa upogo, upande mmoja unakuwa njia ya mkato na mbio zimekwisha kabla hazijaanza.

Halafu nanga. Siku ile ilikuwa bamvua, na pwani ya Dar es Salaam maji ya bamvua hupanda au kushuka zaidi ya mita 3 kwa saa sita. Kamba ya boya ikiwa fupi, maji yakijaa boya litaing'oa nanga lizurure. Ikiwa ndefu, maji yakipwa boya litatangatanga kama mbuzi aliyefungwa kamba ya ukarimu, na mstari utakuwa unakwenda matembezi. Aliipima kamba kwa pima za mikono, midomo ikihesabu kimya. Nikakumbuka fundi wa tofali ninayemjua Katesh, ambaye hupima kwa shubiri na futi yake ya bati imo mfukoni.

Urefu wa mstari nao una hesabu. Vilikuwapo vyombo 20 vya aina ya Laser, chombo cha mtu mmoja na tanga moja, kila kimoja mita 4.2 hivi. Vikipangwa omo kwa tezi ni mita 84. Akaongeza nusu ya hapo. Mstari mfupi, alisema, unazaa ajali. Ukiwa mrefu kupita kiasi, waliopo ncha mbili ni kama wako katika mashindano mawili.

Lakini lililonifanya nivue kofia ni mwisho wa yote haya. Nilitarajia mstari ukate upepo sawasawa kama msalaba. Alipokwisha kuuweka hivyo, alilegeza kamba yetu kidogo, boti likarudi nyuma, na ncha ya boya ikabaki mbele kuelekea upepo kwa digrii chache. Kuupinda makusudi! Nikamwuliza. Akaeleza kwamba kila nahodha hupenda kuanzia ncha ya kulia, karibu na boti letu, kwa sababu kutoka hapo anaweza kugeuka wakati wowote bila kumwomba mtu nafasi. Ukiwaachia mstari ulionyooka, wote 20 watasongamana hapo. Kwa hiyo anawalipa. Anayekubali kwenda ncha ya kushoto anapewa mita chache za bure, na mita hizo zinapimwa zitoshe kumshawishi mtu bila kumpa ushindi. Alipomaliza akakaa, akafungua chupa yake ya chai ya tangawizi, akayaangalia matanga yalivyotawanyika mstari mzima.

Zikabaki dakika 5. Bendera ya aina ya chombo ilipanda, honi ikalia. Zilipobaki dakika 4 ikapanda bendera ya herufi P, ya buluu yenye mraba mweupe katikati, na kuanzia hapo kila aliyemo eneo hilo yuko mashindanoni hata kama mstari uko mbali. Ilipobaki dakika 1, P ikashuka kwa honi ndefu. Kwenye sifuri, bendera ya kwanza inashuka.

Kanuni inasema wakati uchukuliwe kwenye bendera. Honi ikikwama, bendera inatosha. Niliona ni ushirikina wa watu wa bendera mpaka nilipofanya hesabu. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Aliyepo ncha ya boya, mita mia na ushei kutoka kwenye honi, angeisikia ikiwa imechelewa theluthi ya sekunde. Bendera wote wanaiona kwa pamoja. Na mwanzo wa majini si kama wa nchi kavu. Mkimbiaji Filbert Bayi, mtu wa Karatu, siku zile Karatu ikiwa ndani ya Mbulu, alichomoka mbele mapema kule Christchurch mwaka 1974, akaongoza hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Naye alianza amesimama. Majini, anayeanza kwenda bastola inapolia amekwisha kuchelewa.

Mkono wa mzee ulikuwa kwenye kamba ya bendera. Msaidizi wake alihesabu kurudi nyuma: tano, nne, tatu. Neno la mwisho na mkono vilishuka kama kitu kimoja. Chombo kimoja kilitangulia kwa urefu wa mkono hivi. Honi moja, na bendera ya X ikapanda, nyeupe yenye msalaba wa buluu: kuna aliyewahi, arudi. Hakuna aliyemtaja. Kijana mmoja aligeuza, akashuka nyuma ya mstari, akaanza upya, wa mwisho kabisa. Ingekuwa wamewahi wengi hata mzee asiweze kuwahesabu, wangerudishwa wote kwa bendera ya pembetatu ya buluu na njano.

Sheria za kupishana zimo katika kitabu kinachosahihishwa kila miaka 4 na shirikisho la dunia, na nakiri kwamba nilipokifungua nilihisi nimeingia ofisi ya wakili. Mzee alikirudisha kwenye Kiswahili cha wavuvi kwa pumzi mbili. Mnapokutana, anayepigwa na upepo ubavu wa kulia ndiye mwenye njia. Mkiwa mnapigwa upande mmoja na mmeambatana, wa joshini, upepo unakotoka, ampishe wa demanini, unakokwenda, kwa maana wa joshini ndiye anayemkatia mwenzake upepo. Aliye nyuma asimparamie aliye mbele. Na mwenye haki asiitumie haki yake kugonga. Yeye alianza na ngalawa, na alicheka aliponieleza kwamba tanga la ngalawa, lenye foromali ya kupitishwa upande wa pili wa mlingoti kila unapogeuka, lisingevumilia hata nusu ya mageuzi wanayoyafanya hawa vijana. Kila chombo na adabu yake.

Kitu ambacho bado nakifikiria kilitokea kwenye boya la juu. Binti mmoja, wa nne wakati huo, alilizunguka kwa karibu mno. Kutoka tulipokuwa sikuona lolote. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanashughulika na kamba zao. Mara akajitenga na wenzake, akageuza omo, akapiga mduara mzima peke yake, kama kuku anayetafuta pa kutagia, wakampita watatu, kisha akaendelea. Nikadhani usukani umeharibika. "Amegusa boya," mzee alisema bila kushusha darubini. Adhabu ya kugusa boya ni mzunguko mmoja. Kumkosea mwenzako njia ni mizunguko miwili. Hakuna anayepuliza kipenga. Aliyekosa ndiye mwamuzi wa kwanza, na anajihukumu papo hapo, chombo kikiwa kinakwenda. Miaka yangu yote nimewakimbiza watoto waliokata kona uwanjani, na sijapata kumwona mmoja akirudi mwenyewe kuizunguka.

Wakishindwa kuelewana, liko baraza baada ya mbio: meza, vijiti vidogo vilivyochongwa kama mashua, na kila mmoja anavipanga kuonyesha alikuwa wapi na upepo ulitoka wapi. Siku ile halikukaa. Iko pia hesabu ya vyombo visivyolingana, ambayo naipenda kwa ukatili wake. Kila aina ina namba. Dakika ulizotumia unazizidisha kwa 1,000 ukagawanya kwa namba hiyo. Chukua mfano chombo chepesi chenye namba 900 kimefika kwa dakika 46, na kizito chenye 1,100 kimefika kwa dakika 55. Cha kwanza kinahesabiwa dakika 51 na ushei, cha pili 50 kamili. Mwenye chombo chepesi amekwisha kunywa soda ufukoni anapoambiwa ameshindwa.

Alasiri upepo ulianza kufa. Mzee aliniuliza natoka wapi hasa, nikamwambia Hanang, jirani na Mbulu. "Kwa Akhwari," alisema. Nikamwambia ndiyo, kwa John Stephen Akhwari. Yeye akanilipa kwa habari ya Lawrence Lemieux. Septemba 1988, wakati wa Olimpiki ya Seoul, mashua zikishindana Busan katika upepo mkali, Lemieux alikuwa wa pili alipoona mabaharia wawili wa Singapore, wa shindano jingine, chombo chao kimepinduka na mmoja anachukuliwa na mawimbi. Akaacha njia, akawatoa majini, akangoja mpaka boti la doria likawapokea, ndipo akaendelea, akamaliza wa 22. Waamuzi wakampa nafasi yake ya pili, maana kanuni ya kwanza kabisa ya kitabu kile ni kumsaidia aliye hatarini, na anayepoteza nafasi kwa hilo hurudishiwa. "Mkanada," mzee aliongeza. "Ndugu zenu wa ngano."

Akhwari hakuhitaji kurudishiwa chochote. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, goti limeumia na mguu umefungwa bendeji, aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa 57 na wa mwisho. Habari hii imesimuliwa hata imelainika kama mpini wa jembe. Mimi, kwa sababu ya kazi yangu, hunasa pengine: saa 3, dakika 25, sekunde 27. Giza limeingia, watazamaji wengi wamekwenda, na mtu fulani bado alikuwa pale na saa mkononi, akihesabu mpaka sekunde.

Vyombo 19 vilikuwa vimeingia. Cha mwisho kilikuwa cha yule kijana aliyerudishwa mwanzoni, tanga limelegea, kinasogea kwa kuazima. Msaidizi alikwisha kuanza kukunja bendera. Mzee akamwashiria aiache ile ya buluu, inayosema mstari wa kumalizia bado uko wazi. Chai ilikuwa imekwisha. Maji yalikuwa yanapwa, na boti letu likajigeuza kidogo juu ya nanga, naye akasogea hatua moja ili mlingoti na boya vikae tena mstari mmoja mbele ya jicho lake. Tulikaa hivyo kama robo saa. Omo ilipogusa mstari akabonyeza honi, kwa urefu uleule aliompigia wa kwanza, akalamba ncha ya penseli, akaandika.